Uzi: Jani la mhindi likikuchoma jichoni, usilale nalo

Muuguzi wa Macho ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni muuguzi niliyesomea huduma za macho, na kwa miaka mingi nimefanya kazi katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambako mahindi na maharage ndiyo chakula, ndiyo ada ya shule, na mara nyingine ndiyo mahari. Nimefungua uzi huu kwa sababu msimu wa mavuno umeanza, na kila mavuno yanapoanza tunapokea watu ambao jicho lilikwaruzwa na jani la mhindi, likapigwa na punje wakati wa kupukuchua, au likaingiwa na kapi wakati wa kupepeta maharage. Wengi hufika baada ya wiki mbili au tatu, kioo cha jicho kikiwa kimegeuka cheupe kama ganda la yai, na kazi inayotubakia si tena ya kuokoa uwezo wa kuona bali ya kulizuia jicho lisitoboke. Jambo hili huniuma sana, kwa sababu mwanzo wake ni mkwaruzo ambao ungepona kwa dawa ya bei ndogo kabisa.

Kioo cha jicho, ambacho wataalamu hukiita konea, ni ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Unene wake katikati ni takriban nusu milimita, nao hauna mshipa wa damu hata mmoja, maana mishipa ingeuzuia mwanga kupita. Tabaka lake la juu ni jembamba mno, na likikwaruzwa hujiziba lenyewe katika siku mbili tatu bila kuacha alama yoyote. Shida ni katika hizo siku mbili tatu. Tabaka hilo likiwa bado wazi, vijidudu vilivyoletwa na jani, udongo, kucha au dawa chafu hupata mlango wa kuingia kwenye tabaka la kati, na huko kinga ya mwili huchelewa kufika kwa kuwa hakuna damu ya kuileta. Hata inapofika, inapigana kwa vimeng'enya ambavyo huyeyusha konea pamoja na adui. Tabaka la kati likishaliwa halirudi kuwa angavu, bali hupona kwa kovu, na kovu likikaa mbele ya mboni mtu huona kama anayechungulia kupitia mfuko wa nailoni.

Kasi ya uharibifu hutegemea kijidudu kilichoingia. Bakteria aitwaye Pseudomonas anaweza kuitoboa konea katika siku mbili. Fangasi wa jamii ya Fusarium na Aspergillus, ambao makazi yao ni mimea na udongo, huenda polepole zaidi, na upole huo ndio unaowadanganya watu wetu, kwa sababu mgonjwa huendelea kulima, akisema jicho linawasha kidogo tu, huku mizizi ya fangasi ikishuka chini kila siku.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa nausimulia kila ninapopata nafasi ya kuzungumza kijijini. Ulifanyika katika wilaya ya Bhaktapur nchini Nepal, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2001. Wahudumu wa afya wa vijijini, watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi, walifundishwa kuutambua mkwaruzo wa konea na kuutibu kwa mafuta ya macho ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara 3 kwa siku kwa siku 3. Hawakuwa madaktari na hawakuwa na mashine kubwa. Miongoni mwa wale waliofika ndani ya saa 18 tangu kuumia, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha konea. Wachache waliopata kidonda walikuwa wamechelewa zaidi ya hapo, na kadiri mtu alivyochelewa ndivyo hatari ilivyopanda. Saa 18 maana yake ni kwamba aliyechomwa na jani saa nne asubuhi anao muda wa mchana wote na usiku wa siku ile, na kisha muda unakwisha.

Kwa hiyo mtu akiumia jicho shambani, alisafishe kwa maji mengi safi yanayotiririka, asilisugue, asijaribu kutoa kitu kilichokwama kwa kijiti wala kwa ncha ya khanga, kisha aende siku hiyohiyo kwenye zahanati au kituo cha afya. Huko watamtia tone la rangi iitwayo fluoresini na kulimulika jicho kwa mwanga wa buluu; palipokwaruzwa huonekana kijani kinachong'aa. Kama kitu kimezama ndani ya jicho, au jicho limepasuka, asilisafishe wala asitie chochote, bali alikinge kwa kikombe kisafi cha plastiki kisichogusa jicho, na asafiri moja kwa moja kwenda kwenye hospitali yenye daktari bingwa wa macho. Aliyeingiwa na chokaa, saruji au maji ya betri yeye alisafishe palepale kwa nusu saa nzima kabla ya kufikiria usafiri, kwa sababu kemikali haingojei.

Karibuni kwa maswali.


Mkulima wa Mbozi ameandika:

Dada muuguzi, nakushukuru, ingawa umenitia hofu. Mdogo wangu alichomwa na jani la mhindi siku sita zilizopita. Tulinunua dawa ya matone kwenye duka la dawa la kijijini kwetu, na siku mbili za mwanzo wekundu ukapungua, tukaamini amepona. Sasa jicho linamuuma usiku kucha, linatoa machozi, hawezi kutazama mwanga, na nikilimulika kwa tochi ya simu naona doa jeupe upande wa chini wa mboni. Kwenye chupa pameandikwa majina mawili, kloramfenikoli na deksamethasoni. Je, tuendelee nayo mpaka iishe au tubadilishe?


Muuguzi wa Macho amejibu:

Kaka yangu, acheni dawa hiyo sasa hivi, na mpeleke hospitali leo, usingoje Jumatatu. Kutoka Mbozi, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mbeya ndiyo iliyo karibu yenye huduma ya macho. Ichukue ile chupa ili waione. Usimfunge jicho kwa kitambaa, maana chini ya kitambaa joto na unyevu huwafaa vijidudu kuliko mgonjwa. Usimtie kitu kingine njiani, hata mtu akikuapia kuwa kilimponya jirani.

Umeuliza jambo ambalo nilikuwa nimekusudia kuliandika kwa urefu, kwa hiyo nalieleza hapa kwa faida ya wote. Deksamethasoni ni dawa ya kundi la steroidi. Steroidi hupunguza wekundu, uvimbe na maumivu kwa kuinyamazisha kinga ya mwili, na mikononi mwa daktari anayejua anachotibu ni dawa ya thamani kubwa. Lakini wekundu si ugonjwa. Wekundu ni kelele ya mwili unaopigana. Ukiizima kelele hiyo wakati adui ni fangasi, fangasi hubaki peke yake uwanjani. Siku mbili jicho hupendeza, familia hushukuru, kisha doa jeupe hujitokeza. Adui akiwa ni virusi vya malengelenge, vile ambavyo kwa watu wengi hutokea mdomoni wakati wa homa, steroidi huvifanya vitambae juu ya konea, na kidonda chake ambacho mwanzo kilikuwa na umbo la kijitawi cha mti hupanuka na kuwa eneo zima. Dawa ya kidonda hicho ni asikloviri ya mafuta ya macho, mara 5 kwa siku, na wala antibiotiki haikifanyi lolote. Tena steroidi ikitumika kwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho.

Nawaomba wenye maduka ya dawa waliomo humu wanisikilize bila kukasirika. Najua mteja anakuja na shilingi elfu chache, jicho jekundu, na haraka. Lakini matone yenye steroidi kuuziwa mtu ambaye konea yake haijaangaliwa kwa rangi ya fluoresini ni kumpa dawa gizani. Kama huna cha kumpa, mafuta ya kloramfenikoli au ya tetrasaiklini yasiyochanganywa na kitu, pamoja na maneno "nenda ukaonwe leo", ni msaada mkubwa kuliko ile chupa ya mchanganyiko.


Binti wa Pwani ameandika:

Naomba kuuliza kwa heshima. Kwetu bibi zetu walitutia maziwa ya mama machoni, na wengine walikamua majani, na tulipona. Je, yote hayo yalikuwa makosa? Naona kama wataalamu mnapenda kudharau vya kwetu.


Muuguzi wa Macho amejibu:

Dada, sidharau, na nakubali kwamba mlipona. Maradhi mengi ya macho, hasa yale ya virusi na ya kuingiwa na vumbi, huisha yenyewe, na chochote kilichotiwa siku ya tatu hupata sifa ya siku ya saba. Aliyepona husimulia na aliyepofuka hukaa kimya ndani ya nyumba, kwa hiyo habari zinazotufikia ni za upande mmoja.

Maziwa ya mama ni chakula bora kwa tumbo la mtoto, lakini yana sukari, na sukari kwenye konea iliyochubuka ni chakula cha vijidudu. Majani yaliyosagwa yanaweza kuleta fangasi walewale ambao mkulima aliwakimbia shambani, na utomvu wa baadhi ya mimea huunguza kama kemikali. Mkojo nao una habari mbaya zaidi, kwa kuwa mwenye kisonono anaweza kukihamishia machoni mwa mtu, na bakteria wa kisonono ni miongoni mwa wachache wanaoweza kuipenya konea ambayo haijachubuka hata kidogo.

Katika utafiti uliofanyika Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa wagonjwa zaidi ya 300 wenye vidonda vya konea, zaidi ya nusu walikuwa wametumia kwanza dawa za kienyeji za macho, na mgonjwa wa kawaida alifika hospitalini zaidi ya wiki mbili tangu ugonjwa uanze. Kwa maoni yangu madhara ya dawa hizi ni mawili, na la pili ndilo kubwa: kuna kile kinachotiwa, na kuna siku zinazopotea wakati watu wanangoja kuona kama kitafanya kazi.

Hata hivyo sikubaliani na wenzangu wanaowafokea waganga. Mganga yuko kijijini saa zote na anaaminiwa. Huko Malawi, katika miaka ya 1990, waganga wa jadi walipewa mafunzo kuhusu magonjwa ya konea, na hospitali ya eneo hilo ilifuatilia mabadiliko kwa wagonjwa waliofika baadaye. Mimi mwenyewe nina mzee mmoja ambaye sasa hulitazama jicho kwa tochi, na akiona weupe juu ya kioo humwandikia mgonjwa kikaratasi na kumtuma kwangu bila kumtia kitu. Jicho la mtu aliyeletwa na mzee huyo huwa bado lina matumaini.


Mama wa Watatu ameandika:

Dada muuguzi, mkwe wangu amejifungua siku nne zilizopita. Mtoto ameamka leo kope zimevimba, na tongotongo ni nyingi za rangi ya njano. Mama mkwe wangu anasema ni baridi ya usiku na kwamba tumfute kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu.


Muuguzi wa Macho amejibu:

Mama, mwambie bibi kwamba tunamheshimu, kisha mpelekeni mtoto kituoni sasa hivi pamoja na mama yake. Usaha machoni mwa mtoto mchanga katika siku 28 za mwanzo si jambo la kungoja. Unaoanza kati ya siku ya 2 na ya 5, wenye usaha mwingi na uvimbe, hutufanya tufikirie kisonono alichokipata mtoto wakati wa kuzaliwa. Unaoanza baadaye kidogo, kuanzia siku ya 5 hadi wiki ya pili, mara nyingi ni klamidia, bakteria mwingine anayeambukizwa kwa njia ya zinaa. Kisonono kinaweza kuitoboa konea ya mtoto ndani ya siku chache, na mtoto akapoteza macho yote mawili kabla hajamjua mama yake kwa sura. Tiba yake ni sindano moja ya seftriaksoni, kwa kipimo kinachofuata uzito wa mtoto, na kuoshwa macho mara kwa mara mpaka usaha ukome. Mafuta peke yake hayatoshi. Mkifungua kope, fungueni taratibu na mwenye kufungua akinge uso wake, maana usaha huruka.

Wazazi wote wawili nao watibiwe. Nalisema hili bila kumshutumu mtu yeyote, kwa sababu maambukizi haya kwa wanawake wengi hayana dalili, na mama wa watu anaweza kuishi nayo bila kujua.

Kwa wajawazito wanaosoma: kinga ipo, nayo ni ya zamani. Daktari Credé wa Leipzig alianza mwaka 1880 kuwatia watoto wachanga tone la naitreti ya fedha, na ugonjwa huu ambao ulikuwa ukimpata takriban mtoto 1 kati ya 10 katika wodi yake ukashuka hadi chini ya 1 kati ya 100. Siku hizi tunatumia mafuta ya tetrasaiklini ya asilimia 1 mara tu mtoto anapozaliwa. Ukijifungua, muulize mkunga kama mtoto amepakwa. Swali hilo ni haki yako, na halimkosei mkunga heshima.


Mwalimu wa Zamu ameandika:

Naomba utofautishe jambo. Mwanzoni mwa mwaka 2024 shule yetu jijini Dar es Salaam ilijaa watoto wenye macho mekundu, na waliambiwa wakae nyumbani tu bila dawa kali. Hapa unasema jicho jekundu ni la kukimbizwa hospitali. Mwalimu atajuaje lipi ni lipi?


Muuguzi wa Macho amejibu:

Swali lako ni zuri sana, Mwalimu. Ule wa Januari 2024, ambao Wizara ya Afya iliutolea tahadhari, ulikuwa ugonjwa wa virusi wa utando wa nje wa jicho. Wenzetu wa Uganda huuita Apolo, jina lililobaki tangu mlipuko wa ugonjwa wa namna hiyo uliotokea Ghana mwaka 1969, wakati chombo cha Apollo 11 kilipokwenda mwezini. Huo hushika macho yote mawili, mara nyingi moja likitangulia, huenea kwa mikono na taulo, huwasha na kutoa majimaji, na kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja au mbili. Antibiotiki haiui virusi. Kunawa mikono kwa sabuni, kutochangia taulo na mto, na kumpumzisha mtoto nyumbani ndiyo tiba na ndiyo kinga kwa wengine.

Lakini mwenye macho mekundu ya mlipuko huona vizuri baada ya kufuta tongotongo. Ukimwona mtoto ambaye kuona kwake kumepungua, au anaficha uso asione mwanga, au analia kwa maumivu ya ndani, au ana doa jeupe juu ya kioo, au jicho moja tu limeshikwa baada ya kuchomwa na kitu, huyo si wa mlipuko. Hata wakati wa mlipuko mwangalieni kila mmoja kwa tochi, kwa sababu nimewahi kumpokea kijana aliyekaa nyumbani siku kumi pamoja na wenzake wa "red eyes", kumbe yeye alikuwa amepigwa na ncha ya kalamu.

Ongeza na mtoto mwenye surua. Surua huishusha vitamini A mwilini, na konea ya mtoto aliyepungukiwa huweza kuyeyuka bila jeraha lolote. Mtoto wa mwaka mmoja na zaidi mwenye surua hupewa vitamini A ya yuniti 200,000 siku ya kwanza na tena siku ya pili. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa 100,000, na aliye chini ya miezi 6 hupewa 50,000. Akiwa na dalili za macho hupewa dozi ya tatu baada ya wiki chache. Chanjo ya surua ni chanjo ya macho pia, ingawa hakuna aliyeiita hivyo kadi ya kliniki ilipochapwa.


Dereva wa Masafa ameandika:

Mimi nina miaka 34. Tangu juzi nimetokwa na malengelenge yanayounguza upande mmoja wa paji la uso, yameshuka hadi kwenye kope na puani. Watu wanasema ni mkanda wa jeshi, na kwamba nisiguse dawa za hospitali, nipake majivu tu.


Muuguzi wa Macho amejibu:

Kaka, ni kweli yaelekea ni mkanda wa jeshi, na kwa sababu umefika puani nakuomba usisafiri leo. Neva inayohudumia pembeni na ncha ya pua ndiyo inayoingia ndani ya jicho, kwa hiyo malengelenge yakitua puani, jicho nalo liko hatarini, hata kama bado unaona vizuri. Vidonge vya asikloviri, miligramu 800 mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10, hufanya kazi vizuri zaidi vikianzwa ndani ya saa 72. Umesema juzi, basi saa zako bado zipo, lakini si nyingi. Majivu yataleta bakteria juu ya vidonda vya virusi, na makovu ya kope yatakayofuata huzuia jicho kufumba sawasawa.

Jambo la pili nakwambia kama ndugu. Mkanda wa jeshi kwa mtu wa umri wako ni sababu ya kupima virusi vya UKIMWI, kama hujapima karibuni. Ukikutwa navyo, dawa zipo na hutolewa bila malipo, nazo ndizo zitakazoilinda kinga yako na macho yako kwa miaka mingi. Ukikutwa huna, utakuwa umejua.


Mjukuu wa Kongwa ameandika:

Bibi yangu ana vikope tangu zamani, kope zimegeukia ndani, na huzing'oa kwa koleo kila wiki. Je, hilo nalo linahusu mada hii?


Muuguzi wa Macho amejibu:

Linahusu moja kwa moja. Vikope, ambavyo vitabuni huitwa trakoma, ni maambukizi ya klamidia ya aina nyingine, isiyo ya zinaa, yanayorudiarudia utotoni, na kovu lake hukunja kope ukubwani. Bibi anakwaruzwa konea kila anapopepesa jicho, maelfu ya mara kwa siku, na kila mkwaruzo ni ule mlango niliousimulia mwanzoni. Kung'oa humpa nafuu ya siku chache, kisha kope huota zikiwa fupi na ngumu zaidi. Anahitaji upasuaji mdogo wa kope, unaofanywa kwa sindano ya ganzi, naye hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ulizeni kwa mratibu wa huduma za macho wa wilaya, kwa kuwa mara nyingi hufanyika bure kwenye kambi za matibabu. Kwa watoto wa nyumba hiyo, nyuso zioshwe kila siku, choo kitumike, na dawa ya azithromaisini ikigawiwa kijijini wote wameze. Oman ilithibitishwa kuumaliza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2012, na jirani zetu wa Malawi wakafuata mwaka 2022, kwa hiyo si ndoto.


Mkulima wa Mbozi ameandika:

Dada muuguzi, nimerudi. Tulifika Mbeya usiku ule ule. Walimtia ganzi ya matone, wakakwangua kidonda kidogo kwa kisu chembamba, wakapeleka maabara, na asubuhi wakasema wameona nyuzi za fangasi. Wamempa matone ya natamaisini, kila saa moja, mchana na usiku, na matone mengine ya kupanua mboni. Amelazwa. Tatizo ni kwamba leo ni siku ya tatu, doa halijapungua, na yeye amechoka kuamshwa usiku, anataka turudi nyumbani kwa sababu mahindi yako shambani na mvua zinaweza kutukuta.


Muuguzi wa Macho amejibu:

Kaka, umefanya kazi kubwa kumfikisha. Sasa nisikilize kwa makini. Natamaisini ndiyo dawa iliyolinganishwa na dawa nyingine kubwa ya fangasi katika utafiti wa India uliotolewa mwaka 2013, nayo ikashinda, hasa kwa fangasi wa Fusarium. Tangu mwaka 2017 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Pamoja na ubora wake, huipenya konea kwa shida, na ndiyo sababu ya kuitia kila saa hata usiku. Usiku mmoja wa kulala bila matone humrudishia fangasi uwanja. Ile ya kupanua mboni humpunguzia maumivu na huzuia mboni isigande na lenzi, kwa hiyo asiache kwa sababu tu inamfanya aone ukungu.

Siku ya tatu doa la fangasi halipungui, na hilo lisikuvunje moyo. Tunachotazama sasa ni kama halikui, kama kingo zake zilizokuwa na manyoya zinaanza kuwa laini, na kama maumivu yamepungua. Uponyaji wa fangasi huhesabiwa kwa wiki, na matone huendelea hata baada ya kidonda kujifunga. Kama maumivu yataongezeka ghafla, au atahisi maji ya moto yamemwagika kutoka jichoni kisha maumivu yakapoa, mwiteni daktari papo hapo, kwa sababu hiyo huweza kuwa ishara kwamba konea imetoboka.

Kuhusu mahindi, ongea na majirani mvune kwa zamu, naye abaki wodini. Wewe nawe ukirudi shambani vaa miwani ya kinga, hata ile ya plastiki angavu ya mafundi wa vyuma. Kabla hujaondoka muulize daktari mambo matatu: dawa itapatikana wapi ikiisha, arudi tarehe gani, na nani wa kumpigia usiku. Andika majibu yake kwenye kadi.


Mkulima wa Mbozi ameandika:

Nimeyaandika yote matatu. Mke wake amekuja kukaa naye, na wamepanga zamu ya kuamka na shangazi. Leo asubuhi daktari amemulika na kusema upana wa doa ni uleule wa jana.


Muuguzi wa Macho amejibu:

Uleule wa jana ni habari njema, kaka. Endeleeni na matone ya kila saa, mchana na usiku.